Istilahi za Mabao Madogo

Utangulizi

Barua nyingi zinazofika kwenye meza yetu ya istilahi huuliza neno moja moja: chombo hiki kiitweje, ugonjwa ule uitweje, cheo fulani kiandikweje. Barua moja tuliyoletewa na mwalimu wa useremala haikuuliza neno moja, bali iliuliza lugha ya mchezo mzima. Mwalimu huyo alikuwa amepata kisanduku chenye mchezo wa mbao uitwao Quarto, akawapa wanafunzi wake kazi ya kuuchonga upya kwa vipande vya mninga na msonobari vilivyosalia karakanani. Kazi ya mikono ilikwenda vyema. Taabu ilianza pale mchezo ulipohitaji kuelezwa. Karatasi iliyokuja na kisanduku ilikuwa na lugha kadhaa za Ulaya, na Kiswahili hakikuwamo. Basi wanafunzi wakawa wanacheza kwa maneno ya "bodi", "pisi" na "muvu", na mpishi wa shule, ambaye ni mchezaji hodari wa bao, akawa anasimama kando akitazama bila ya kupata pa kuingilia. Mwalimu alituuliza kama ni kweli kwamba mtu awezaye kuzifuata kete 64 kwa kichwa chake hana la kusema mbele ya kete 16.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Madhumuni yetu ni matatu: kwanza, kueleza michezo hii midogo ya mbao ni ya namna gani, pili, kueleza kwa nini inapendwa, na tatu, kupendekeza maneno ya kuichezea kwa Kiswahili. Hoja yetu kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo imekwisha kuwako vinywani mwa wachezaji wa bao na drafti, na kwamba kazi yetu si kuyatunga bali kuyapanga. Tutaonyesha pia mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea kwa kufanya haraka ya kutunga.

Michezo yenyewe

Istilahi isiyotanguliwa na maarifa ya kitu chenyewe ni sawa na nguo iliyoshonwa bila ya kipimo. Kwa hiyo tuanze kwa kuieleza michezo minne, ambayo yote hutolewa na kampuni ya Gigamic ya Ufaransa.

Quarto ulibuniwa na Blaise Müller wa Uswisi, ukaanza kutolewa mwaka 1991. Ubao wake una nafasi 16, yaani safu 4 za nafasi 4. Kete nazo ni 16, na hakuna mbili zilizo sawa kabisa. Kila kete ina sifa nne: ni ndefu au fupi, ni nyeupe au nyeusi, ni ya mviringo au ya mraba, ina tundu juu au haina. Mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili ni 16; kwa hiyo kila mchanganyiko wa sifa umepata kete yake moja tu. Kete hizo si mali ya mchezaji mmoja, bali ni za wote wawili. Mshindi ni yule anayekamilisha mstari wa kete nne zenye walau sifa moja ya pamoja, na mistari iwezekanayo ni 10: minne ya kulala, minne ya kusimama na miwili ya mshazari. Lakini ajabu ya mchezo imo katika sharti moja. Mchezaji hajichagulii kete. Mwenzake ndiye anayemchagulia na kumpa. Yeye huchagua mahali pa kuitia tu, kisha naye humchagulia mwenzake kete ya zamu inayofuata. Hivyo mtu aghalabu hushindwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuitoa kete ambayo ilimpasa kuizuia.

Quixo, uliobuniwa na Thierry Chapeau, una michemraba 25 iliyopangwa safu 5 kwa 5. Kila mchemraba una uso wenye duara, uso wenye msalaba, na nyuso tupu. Mchezaji huchomoa mchemraba wa pembezoni ulio mtupu au wenye alama yake, huugeuza uonyeshe alama yake, kisha huuingiza kwa kuusukuma kutoka ncha nyingine ya safu, na safu nzima ikasogea. Anayepata alama zake tano katika mstari mmoja ameshinda.

Pylos, uliobuniwa na David G. Royffe, huchezwa kwa matufe 30 ya mbao, 15 meupe na 15 meusi. Wachezaji hujenga piramidi kwa zamu: matufe 16 chini, 9 juu yake, kisha 4, na 1 la kilele. Aliyeweka tufe la kilele ndiye mshindi, na kwa hiyo vita vyote ni vya kuweka akiba. Mchezaji anayekamilisha mraba wa matufe manne ya rangi yake huruhusiwa kurudisha mkononi tufe moja au mawili ya kwake. Vilevile anaweza kulipandisha tufe lake lililo chini, liende tabaka la juu, badala ya kutumia la mkononi.

Quoridor, uliobuniwa na Mirko Marchesi na kutolewa mwaka 1997, una ubao wa miraba 81. Wakiwa wachezaji wawili, kila mmoja ana kete moja na vibao 10 vya kuzuia. Katika zamu yake ama huisogeza kete yake, ama husimamisha kibao kimoja kati ya miraba ili kumrefushia mwenzake njia. Anayefika kwanza upande wa pili ameshinda. Sharti ni kwamba hata vibao vikiwa vingi namna gani, lazima ibaki walau njia moja ya kupitia.

Kwa nini inapendwa

Msomaji anaweza kuuliza: tunalo bao, tunayo drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda kila kijiwe, tunayo na sataranji, michezo hii midogo yatufaa nini? Tumeiona ikichezwa, na tumeicheza wenyewe, na tunaona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni upesi wake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na kete 22 mkononi. Katika hatua ya namua kila zamu huingiza kete moja tu. Kwa hiyo, mchezo usipoishia mkononi, hupita zamu 44 kabla ya wachezaji kuingia katika mtaji, na hapo ndipo hesabu nzito huanza. Quarto hauwezi kuzidi zamu 16, kwa kuwa hakuna kete ya kumi na saba. Robo saa hutosha. Mwanafunzi mwenye mapumziko ya nusu saa huweza kushindwa, kulipiza na kushindwa tena kabla ya kengele kulia. Hili si jambo dogo. Mchezo mrefu humwadhibu anayejifunza, kwa maana kosa alilolifanya mwanzoni hulilipia saa nzima baadaye, wakati amekwisha kulisahau. Mchezo mfupi humwonyesha kosa lake lingali bichi.

Sababu ya pili ni udogo. Ubao wa Quarto hukaa juu ya magoti ya watu wawili waliokaa kwenye benchi, na kete zake hutosha katika mfuko mdogo wa kitambaa. Kanuni zake nazo ni ndogo: tumezieleza hapo juu katika aya moja. Tunataka kusisitiza kwamba uchache wa kanuni si uchache wa fikra. Anayefungua mchezo hukabiliwa na kete 16 za kutoa, na mwenzake na nafasi 16 za kutia. Na kila kete inayotiwa hubadilisha maana ya zile zilizosalia. Imekokotolewa kwa kompyuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea kabisa watatoka sare. Lakini mbele ya ubao mtu asiyekosea kabisa ni adimu.

Sababu ya tatu ni mti. Hapa seremala anajua kuliko sisi. Kete ya mbao ina uzito wa kuridhisha mkononi, hutoa sauti inapokutana na ubao, na hulainika zaidi kadiri inavyoshikwa. Tena si lazima kupaka rangi, kwani mti wenyewe una rangi zake. Mninga hutoa kete za kahawia na msonobari hutoa kete nyeupe. Hata mpingo peke yake, ambao moyo wake ni mweusi na ukingo wake ni mweupe wa manjano, ungeweza kutoa rangi zote mbili; ila mti huo hukua polepole mno, na ni heri kutumia masalio ya wachongaji kuliko kuukata kwa ajili ya mchezo. Kete za mviringo hukerezwa, za mraba hukatwa kwa msumeno na kupigwa msasa, na matundu hutobolewa kwa keekee. Karakana yoyote ya shule yaweza kazi hiyo.

Sababu ya nne ni uwazi. Hakuna dadu, hakuna karata zilizofichwa. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wachezaji na ya watazamaji pia, na kwa hiyo mtazamaji naye hucheza kimoyomoyo. Wachezaji wa bao wanaijua raha hii, kwa maana baraza la bao lina watazamaji wengi kuliko wachezaji, na wote wana shauri la kutoa.

Hatusemi kwamba mabao madogo yataliondoa bao la Kiswahili. Ustadi wa mabingwa wa bao ni mkubwa kiasi kwamba Alex de Voogt aliufanyia utafiti uliochapishwa huko Leiden mwaka 1995. Michezo midogo haifikii kina hicho, na haikudai kukifikia. Kila mmoja wake umechukua wazo moja tu na kulifuata hadi mwisho: Quarto umechukua kutia, Quixo umechukua kusukuma, Pylos umechukua kuweka akiba, Quoridor umechukua kuzuia. Ufupi wake unatokana na hapo.

Jina la jamii hii ya michezo

Katika lugha za Ulaya michezo isiyo na bahati wala hadithi, inayotegemea kanuni na mpangilio wa kete tu, huitwa kwa neno ambalo katika sarufi tumelitafsiri kuwa "dhahania", kama tunavyosema nomino dhahania. Rasimu yetu ya kwanza, kwa hiyo, iliandika "michezo dhahania". Ilikuwa tafsiri rahisi, na ilikuwa kosa. Tulipoisoma rasimu mbele ya baraza la wachezaji wa bao, mzee mmoja aliinua kete akatuuliza kwa upole kama na hiyo ilikuwa ya kufikirika. Hatukuwa na jibu. Neno dhahania kwa Mswahili wa kawaida ni jambo lililomo mawazoni tu, lisilokuwako. Na mchezo wa mbao ni kitu kinachoshikika kuliko vyote.

Tuliwauliza wazee hao wao wanaitofautishaje michezo hii na ludo au karata. Jibu lilitoka bila ya kufikiri: ludo ni mchezo wa bahati, bao ni mchezo wa hesabu. Hatukuona sababu ya kutafuta zaidi. Baadhi ya wenzetu walihofu kwamba neno "hesabu" litawatisha watoto kwa kuwakumbusha somo la darasani. Lakini katika Kiswahili mtu hupiga hesabu ya safari, ya mavuno na ya maneno atakayomwambia mkwewe. Maana ya kufikiri mbele imo ndani ya neno hilo tangu zamani. Kwa hiyo tunapendekeza "mchezo wa hesabu" kwa jamii nzima, ukikabiliana na "mchezo wa bahati".

Kwa aina hii ndogo na fupi ya mbao, tunapendekeza "bao dogo", wingi "mabao madogo". Neno bao ni ukubwa wa ubao, na limekwisha kubeba maana nyingi: ubao wa mchezo, mchezo wenyewe, ushindi mmoja, na hata goli katika kandanda. Je, tukiliongezea maana nyingine halitachoka? Hatudhani hivyo, kwa sababu wachezaji wenyewe wamezoea kulipambanua kwa neno la pili. Wanasema "bao la Kiswahili" kwa mchezo kamili na "bao la kujifunza" kwa ule mwepesi wa wanaoanza. Bao dogo linaingia katika mpango huo huo bila ya kusukumana na mtu.

Maneno ya ndani ya mchezo

(a) Kete. Wengine walituambia kwamba kete ni simbi tu, na kwamba kipande cha mti hakistahili jina hilo. Hoja hii inavunjwa na bao lenyewe. Wachezaji wengi wa bao hutumia komwe, yaani mbegu za mkomwe, na bado huziita kete. Komwe ni jina la kitu. Kete ni jina la kazi inayofanywa na kitu hicho ubaoni. Kwa hiyo kipande cha Quarto ni kete, mchemraba wa Quixo ni kete, tufe la Pylos ni kete, na kifuniko cha soda katika drafti ni kete. Tukikubali hilo, neno "pisi" halina kazi. Neno hili lina faida nyingine ya kisarufi: kwa kuwa liko katika ngeli ya I-ZI, sifa zote za Quarto hulifuata bila ya kukwaruzana, nasi husema "kete ndefu nyeupe ya mraba yenye tundu", na mtoto hukuta amefanya zoezi la upatanisho wa kisarufi bila ya kujua.

(b) Kutia. Kwa tendo la kuweka kete mpya ubaoni tulipendekeza kwanza "kunamua", tukidhani tumepata johari. Wachezaji wa bao walikataa, na sababu yao ilikuwa ya haki. Kunamua si kuweka kete tu. Ni hatua yenye sheria zake, na ambamo mchezaji anayeweza kula hulazimika kula. Kulichukua neno hilo na kuliondolea sheria zake kungekuwa kuwapokonya wenyewe istilahi yao. Tukarudi kwenye neno jepesi la kila siku, "kutia". Namua na mtaji vibaki katika bao, navyo viingizwe katika kamusi kwa maana zake kamili.

(c) Kula. Swali la kwanza la kila mchezaji wa drafti mbele ya michezo hii minne ni: mtu anakula vipi? Jibu ni kwamba hakuna kula. Hakuna kete ya mwenzako inayoondolewa. Hata katika Pylos mtu hurudisha mkononi kete zake mwenyewe. Tumeona ni muhimu maelezo ya kila mchezo yaanze kwa kusema wazi kama mchezo ni "wa kula" au "usio wa kula", kwa sababu hilo ndilo Mswahili anataka kulijua kwanza. Karatasi za Ulaya hazikulitaja, kwa kuwa msomaji wao hakuliuliza. Huu ni mfano mzuri wa jinsi maelezo yaliyotafsiriwa neno kwa neno yanavyoweza kuwa sahihi na bado yasimsaidie mtu.

(d) Mkononi. Katika bao, kete ambazo bado hazijatiwa ziko mkononi, hata kama mchezaji amezimwaga chini kando yake, na mchezo unaomalizika kabla hazijaisha husemwa umeishia mkononi. Neno hili linafaa bila ya badiliko lolote katika Pylos, na pia kwa vibao vya Quoridor. Katika Quarto, ambapo kete ni za wote, tunapendekeza "kete za akiba".

(e) Kufunga na kuziba. Hapa ndipo kosa letu lilipochekesha zaidi. Sharti la Quoridor, kwamba usimzuie mwenzako njia zote, tuliliandika hivi katika rasimu: "Ni marufuku kumfunga mwenzako kabisa." Mchezaji mmoja kijana aliisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha akauliza kama hatutaki kufungana tunacheza kwa nini. Alikuwa na haki. Katika michezo yetu yote, kuanzia kandanda hadi bao, kumfunga mtu ni kumshinda. Sheria yetu ilikuwa imekataza ushindi. Tangu hapo tumetenganisha: "kufunga" ni kushinda, na "kuziba" ni kuzuia njia. Sharti sasa linasomeka: "Usizibe njia zote, mwenzako abakiwe na njia moja walau." Tunalitaja kosa hili kwa sababu tungekuwa tumeliandika vibaya na kulisambaza mashuleni, lau tungeridhika na kusomeana rasimu sisi kwa sisi ofisini.

(f) Zamu na mwendo. Zamu ni haki ya kucheza. Mwendo ni kile mtu anachokifanya katika zamu yake. Tofauti hii ni lazima, kwa mfano katika Quarto, ambamo zamu moja ina matendo mawili: kutia kete uliyopewa na kutoa kete ya mwenzako. Neno "muvu" lilichanganya mambo hayo mawili, na ndiyo maana wanafunzi walikuwa wakibishana nani alipaswa kufanya nini.

Orodha ya mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaweka mapendekezo yetu kama ifuatavyo:

Mchezo wa hesabu: mchezo usio na bahati wala siri, ambao matokeo yake yanategemea fikra za wachezaji tu.

Mchezo wa bahati: mchezo ambao dadu, karata au kitu kama hicho huamua sehemu ya matokeo.

Bao dogo: mchezo wa hesabu wenye ubao mdogo, kanuni chache na muda mfupi.

Ubao: mahali pa kuchezea, pawe na mashimo, miraba au nafasi nyingine.

Nafasi: mahali pamoja pa kutia kete ubaoni.

Kete: kitu chochote kinachochezwa ubaoni, bila ya kujali kimetengenezwa kwa nini.

Sifa: hali ya kete inayohesabiwa katika mchezo, kama urefu, rangi au umbo.

Kutia: kuweka ubaoni kete ambayo haikuwako.

Kusogeza: kuhamisha kete iliyoko ubaoni.

Kutoa: kumchagulia mwenzako kete ya kutia.

Kurudisha mkononi: kuiondoa ubaoni kete yako mwenyewe ili uitumie tena.

Kuziba: kuzuia njia ya kete ya mwenzako.

Kufunga: kushinda mchezo.

Sare: mchezo usio na mshindi.

Majina ya michezo yenyewe, kwa kuwa ni majina ya biashara, tumeyaacha kama yalivyo.

Hitimisho

Taratibu za kuunda istilahi zinatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, na ndipo twende mbali. Kanuni hiyo huandikwa kwa urahisi na kusahauliwa kwa urahisi. Sisi tulikuwa na kamusi mbele yetu, tukaandika dhahania. Wenye maneno walikuwa wamekaa kivulini hatua chache kutoka ofisini. Tena hatujafika mbali. Ndugu za bao wako katika eneo letu zima: omweso wa Uganda, igisoro la Rwanda, na hawalis ya Omani, na kila mmoja una maneno ambayo bado hatujayalinganisha na yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Michezo hii migeni imetulazimisha kuyaandika maneno ya mchezo wetu wenyewe, ambayo mengi yamekuwa yakirithishwa kwa mdomo tu. Mchezaji wa bao anapofariki bila ya kuulizwa, huondoka na sehemu ya msamiati.

Mwalimu wetu alipelekewa orodha hii katika hali ya rasimu. Ametujulisha kwamba wanafunzi bado wanasema "bodi" mara kwa mara, na kwamba neno "kutoa" linaleta utata, kwani wengine hudhani ni kuondoa kete ubaoni. Ametushauri tufikirie "kumpa". Tunalitazama shauri hilo kwa makini. Ametujulisha pia kwamba mpishi sasa hukaa bengini wakati wa mapumziko, na kwamba wanafunzi wachache ndio wanaomfunga.

Tunawaomba wasomaji, hasa wachezaji wa bao, drafti na dama wa mwambao, visiwani na bara, watuletee maneno wanayoyatumia wao, pamoja na sentensi moja ya kuonyesha matumizi. Yale yatakayoonekana kuwa bora kuliko ya kwetu tutayachukua, na ya kwetu tutayafuta bila ya kinyongo.